Si Kila Kifua Kinacholia ni Pumu: Uvimbe wa Kasinoidi na Picha Zake Zinazodanganya

Juma hili naomba tuiweke siasa kando, tuzungumze habari ya mapafu.

Mimi si daktari. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na ninayoyaeleza hapa nimeyajua kwa njia mbili: kwa kusoma na kuuliza wenye taaluma, na kwa kukaa miaka mingi kwenye mabenchi ya hospitali na mpwa wangu, binti ya dada yangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme, ila jina lake nisilitaje.

Alipokuwa na miaka 19 kifua chake kilianza kulia filimbi usiku. Aliambiwa ni pumu, akapewa inhela. Inhela ilimsaidia siku mbili tatu, kisha filimbi ikarudi. Mwaka uliofuata akapata kichomi, akatibiwa, akapona. Baada ya miezi minane kichomi kikarudi, upande ule ule wa kulia, chini. Nyumbani nako hatukulala. Bibi yake alimpa asali na habasoda, tukamwandikia kombe, tukamkataza maji baridi na feni. Kisha siku moja akakohoa damu.

Damu ikatutia hofu sote. Makohozi yalipimwa, vijidudu vya TB havikuonekana, lakini alianzishwa dawa za TB hata hivyo. Alizimeza miezi 6 bila kukosa siku. Alipomaliza filimbi ilikuwa pale pale, na kwenye eksirei paliandikwa kwamba ni kovu la zamani. Tulipotoka nje aliniuliza, "Mjomba, kovu hulia filimbi?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja miaka 5 baada ya filimbi ya kwanza. Haikuwa pumu wala TB. Ulikuwa uvimbe mdogo uliokaa ndani ya mrija wa hewa, na jina lake ni kasinoidi.

Kasinoidi ni kitu gani?

Jina hili lilitolewa mwaka 1907 na daktari Mjerumani, Siegfried Oberndorfer, aliyekuwa Munich. Aliona vivimbe kwenye utumbo mdogo vilivyofanana na saratani lakini vikienda polepole mno, akaviita kwa Kijerumani jina lenye maana ya "kama saratani". Baadaye ikajulikana kwamba vivimbe hivi vyaweza kuenea, na kwamba hutokea hata kwenye mapafu.

Ndani ya mirija ya hewa mna chembechembe chache zenye tabia mbili: zina sifa za mishipa ya fahamu na pia hutoa homoni. Kasinoidi huota kutokana na jamii hiyo ya chembechembe. Kati ya vivimbe vyote vya mapafu, kasinoidi ni kama 1 au 2 tu katika kila 100. Ndiyo sababu daktari wa zahanati aweza kufanya kazi maisha yake yote asiione, na ndiyo sababu pia hupitwa.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, ambayo chembechembe zake hugawanyika kwa uvivu sana. Ya pili si ya kawaida: hugawanyika kwa kasi zaidi, au huwa na sehemu zilizokufa ndani yake, na huenea kwenye tezi mara nyingi zaidi. Ni mtaalamu wa maabara mwenye darubini anayezitofautisha. Picha peke yake haiwezi.

Mambo mawili huwashangaza watu. Kwanza, kasinoidi ya kawaida haina uhusiano mkubwa na sigara. Mpwa wangu hajawahi kushika sigara. Pili, haingojei uzee. Wengi hugunduliwa wakiwa katikati ya umri, lakini vijana pia wamo, na miongoni mwa watoto na mabarobaro uvimbe huu ndio saratani ya pafu lenyewe inayoonekana zaidi, ingawa kwa jumla ni nadra. Kwa hiyo yule anayesema "huyu ni kijana, havuti, hawezi kuwa na uvimbe wa pafu" ameshateleza.

Kwa nini hufanana na pumu na TB

Kasinoidi nyingi hukaa katikati ya kifua, kwenye mirija mikubwa ya hewa. Mrija ukizibwa nusu, hewa hupita kwa taabu na hulia filimbi. Huo ndio mlio wa pumu. Nyuma ya kizibo makohozi hujikusanya, vijidudu hustawi, na kichomi huja. Dawa huua vijidudu lakini kizibo kimebaki, basi kichomi hurudi mahali pale pale. Na kwa kuwa uvimbe wenyewe una mishipa mingi ya damu, mgonjwa hukohoa damu. Huku kwetu mtu akikohoa damu, neno la kwanza ni TB.

Siwalaumu wanaoiwazia TB kwanza. TB ipo na ni nyingi, na ni haki itafutwe kwanza. Kosa ni kuishia hapo wakati vipimo vimekataa na dawa hazikufaa.

Tofauti moja yaweza kusikika hata bila mashine. Filimbi ya pumu husikika pande zote mbili za kifua, na huja na kuondoka. Filimbi ya mrija uliozibwa husikika zaidi mahali pamoja, na haiondoki. Daktari akiweka kifaa chake mgongoni, kushoto na kulia, aweza kuigundua akiwa na subira.

Picha ya kwanza: eksirei iliyo safi

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei Novemba 1895, na hadi leo ndiyo picha ya kwanza ya kifua. Lakini eksirei huubana mwili mzima kwenye karatasi moja. Moyo, mifupa na mishipa mikubwa hukaa mbele ya mirija ya katikati na kuificha. Kasinoidi ndogo iliyo ndani ya mrija yaweza isionekane kabisa. Kinachoonekana ni athari zake tu: pafu lililonywea, weupe wa kichomi, au alama inayodhaniwa kovu.

Kwa hiyo eksirei safi haimaanishi mirija ni safi. Kama dalili zipo na hazina maelezo, inayofuata ni skani ya CT. Mashine hii ilimpiga mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971, kazi ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 yeye na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipata tuzo ya Nobel. CT huukata mwili kwa picha kama mkate wa boflo, slesi kwa slesi, ndiyo maana huona yaliyo nyuma ya moyo.

Ishara zisizo za kawaida kwenye CT

Hapa ndipo kasinoidi huonyesha vituko vyake. Nazieleza moja moja.

Ya kwanza ni jiwe la barafu baharini. Sehemu ndogo huchungulia ndani ya mrija, na sehemu kubwa imejificha nje ya ukuta wa mrija. Anayetazama kwa kamera ya ndani huona kichwa tu, na akidhani ndio uvimbe wote amekosea. CT ndiyo inayoonyesha mwili mzima. Kwa sababu hii kuukwangua uvimbe kutoka ndani peke yake mara nyingi hakutoshi.

Ya pili ni kung'aa. Mgonjwa akidungwa ile dawa ya mshipani yenye iodini wakati wa skani, kasinoidi nyingi hung'aa sana kwa wingi wa damu, hata zikafanana na mshipa. Si zote, lakini ishara hii husaidia kuutenganisha uvimbe na makohozi yaliyoganda, ambayo hayang'ai.

Ya tatu ni chokaa, na hata mfupa. Hii ndiyo iliyotupoteza sisi. Kwenye pafu, chokaa mara nyingi ni alama ya ugonjwa uliokwisha, mathalan kovu la TB. Daktari akiiona hutulia. Lakini kasinoidi nayo huweka chokaa, na wakati mwingine mfupa kamili huota ndani yake. Kwenye CT chokaa huonekana kwa takriban wagonjwa 3 kati ya 10, zaidi kwa vivimbe vya katikati, ilhali kwenye eksirei huonekana kwa wachache sana. Basi chokaa iliyo karibu na mrija wa hewa, kwa mtu anayelia filimbi upande huo huo, isiitwe kovu kabla ya kuchunguzwa.

Ya nne ni vidole ndani ya glavu. Mrija ukizibwa, makohozi hujaa kwenye matawi yaliyo nyuma yake hadi yakavimba. Kwenye picha matawi hayo huonekana kama vidole vya mkono uliovaa glavu. Ishara hii ina sababu nyingine pia, ikiwemo pumu yenye mzio wa kuvu. Ila vidole vikiwa eneo moja tu, lazima mtu aulize: kizibo ni nini? Kwa mtoto yaweza kuwa mbegu ya ubuyu au ushanga aliovuta akicheza. Kwa mtu mzima asiyekumbuka kupaliwa, uvimbe uwazwe.

Ya tano ni pafu jeusi. Kizibo huweza kufanya kazi kama vali ya mpira: ukivuta pumzi mrija hupanuka na hewa huingia, ukitoa pumzi mrija hubana na hewa haitoki. Upande huo hubaki umejaa hewa, na damu nayo hupungua, hivyo huonekana mweusi kuliko mwenzake. Taabu ni kwamba CT ya kawaida hupigwa mtu akiwa amevuta pumzi na kuizuia, na hapo tofauti yaweza isidhihiri. Picha zikipigwa pia mgonjwa akiwa ametoa pumzi, siri hufichuka.

Ya sita ni vinundu vilivyotawanyika. Kuna hali nadra, zaidi kwa wanawake wa miaka 50 na 60, ambapo chembechembe zile zile huongezeka sehemu nyingi za mapafu yote mawili. Picha huonyesha vinundu vidogo vingi, na mapafu yenye mabaka meusi na ya kijivu. Mgonjwa amekohoa miaka mingi akiitwa wa pumu. Anayeiona picha mara ya kwanza aweza kudhani saratani imesambaa kutoka kwingine, amwambie mama wa watu maneno ya kukata tamaa, kumbe ni ugonjwa wa polepole anaoweza kuishi nao miaka.

Ya saba ni kinundu kidogo chenye makuu. Baadhi ya kasinoidi hutoa homoni iitwayo ACTH, inayoamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga steroidi. Mtu hunenepa tumbo na uso ukawa wa mviringo, presha na sukari hupanda, misuli hulegea. Hutafutwa uvimbe kichwani na tumboni, kumbe chanzo ni kinundu pafuni kisichozidi punje ya choroko au kunde. Uso kuwa mwekundu na kuharisha kwa sababu ya serotonini, dalili zinazojulikana kwa kasinoidi za utumbo zilizoenea, ni nadra kwa zile za pafu.

Skani ya PET iliyotupa furaha ya bure

Baada ya CT kuonyesha uvimbe, tulipelekwa Nairobi kwa skani ya PET. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mnururisho kidogo. Saratani nyingi zina uroho wa sukari, basi huimeza na kuwaka kwenye picha. Majibu ya mpwa wangu yalisema uvimbe haukuwaka ila kidogo sana. Dada yangu alipiga simu Mombasa pale pale kwenye veranda, akaagiza watoto wa madrasa wapikiwe biriani la sadaka. Sadaka haikupotea, lakini furaha ilikuwa ya mapema.

Daktari alitueleza kwa upole. Kasinoidi ya kawaida huishi polepole, haina haraka ya sukari, kwa hiyo kwenye PET ya sukari yaweza kuwa baridi. Baridi si ushahidi wa usalama. Iko PET ya aina nyingine, inayotumia galiamu-68 iliyofungwa kwenye dawa inayonasa milango ya homoni ya somatostatini. Kasinoidi nyingi zina milango hiyo kwa wingi, basi zile zile zilizokuwa baridi kwenye sukari huwaka kwenye galiamu. Na zile za aina ya pili, zenye kasi, mara nyingi huwaka zaidi kwenye sukari. Yaani picha mbili zikiwekwa pamoja huweza kuonyesha hata tabia ya uvimbe.

Nililojifunza ni kwamba kila kipimo hujibu swali lake tu. PET ya sukari iliulizwa, "Je, huyu anakula sana?" Ikajibu hapana. Haikuulizwa, "Je, huyu ni mwema?"

Kuthibitisha na kutibu

Baada ya picha huja bronkoskopi: kamera nyembamba inayopitishwa puani au mdomoni hadi kwenye mirija. Kasinoidi huonekana kama tunda jekundu laini. Kipande hukatwa kwa tahadhari kwa sababu uvimbe huweza kumwaga damu, na timu hujiandaa. Kipande kikiwa kidogo na kimebanwa na koleo, chembechembe huharibika na huweza kufananishwa na saratani kali ya mapafu, ile ya chembe ndogo, ambayo matibabu yake ni mengine kabisa. Kwa hiyo majibu ya maabara yasipolingana na picha na hali ya mgonjwa, si utovu wa adabu kuomba kioo kisomwe mara ya pili.

Tiba kuu ni upasuaji. Uvimbe ukiwahiwa, mpasuaji mwenye ujuzi huweza kukata kipande cha mrija chenye uvimbe, kisha akaunganisha ncha mbili, na pafu likabaki. Ukichelewa, pafu la nyuma ya kizibo limeshaoza kwa vichomi vya mara kwa mara, na halina budi kuondolewa. Kwa aina ya kawaida iliyotolewa yote matumaini ni makubwa: takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5, na wengi huendelea zaidi. Kwa aina ya pili matumaini hupungua. Kwa aina zote mbili ufuatiliaji ni wa miaka mingi, kwa kuwa uvimbe wa polepole huweza kurudi polepole.

Mpwa wangu aliondolewa sehemu mbili za chini za pafu la kulia. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Kilichompokonya sehemu ile ya pafu ni miaka 5 ya kuitwa mwenye pumu. Leo yu hai, ameolewa, na hupanda ngazi za ghorofa tatu akipumzika mara moja. Alhamdulillahi. Lakini nikimwona amesimama kwenye ile ngazi ya katikati ameshika ukuta, roho huniuma.

Ya kufanya, kwa ufupi

Ukiwa na mmoja wa dalili hizi nyumbani, mwambie daktari waziwazi: filimbi ya upande mmoja, pumu iliyoanza ukubwani isiyosikia inhela, kichomi kinachorudi mahali pale pale, kukohoa damu ilhali vipimo vya TB havionyeshi kitu, dawa za TB zilizomalizwa bila nafuu.

Uliza maswali haya bila woga. Je, vichomi vyote vilikuwa sehemu moja? Je, panahitajika CT yenye dawa ya mshipani, na picha za kutoa pumzi? Hii chokaa, imo ndani ya mrija au mbali nao? Kama PET ni baridi, kasinoidi imekataliwa kwa kipimo gani? Na wewe nawe sema ukweli wako: kama una ugonjwa wa figo, mzio wa dawa ya iodini au ujauzito, taja kabla ya kupigwa picha.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: msitupe picha za zamani. Dada yangu alikuwa akizilaza eksirei zote chini ya godoro, nasi tukimcheka kwamba anafuga karatasi. Siku tulipompata daktari aliyesikiliza, aliziomba zote. Akazipanga dirishani kwa tarehe, ya kwanza hadi ya mwisho. Alama ilikuwa pale pale kwenye kila moja, imeongezeka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Akasema, "Kovu halikui." Maneno mawili tu, na miaka 5 ya pumu ikaishia hapo.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpwa wangu ulikuwa kwenye picha muda wote, chini ya godoro la mamake. Tafadhali, leo usiku inua godoro lako.